Dekstopu ya nyumbani imekuwa nzito mno, hela niweke kwenye RAM au SSD?

Mwalimu Mama Wawili aliuliza:

Habari za jioni wakuu. Nina dekstopu hapa nyumbani, Dell OptiPlex 7010 ile ndefu ya kusimama, tuliinunua used. Ina Core i5-3470, RAM 4GB, hadi diski (hard disk) ya 500GB na Windows 10. Tunaitumia familia nzima, mimi naandalia mitihani na kujumlishia matokeo ya darasa kwenye Excel, mume wangu anawekea mahesabu ya vikoba vyao, watoto nao ndo wanasomea humo. Na picha zetu zote toka mtoto wa kwanza amezaliwa zimo humo humo.

Shida ni uzito. Ukiwasha unaweza kwenda kubandika chai ukarudi bado vile vidoti vinazunguka tu, na ikishafika kwenye desktop ukigusa kitu inakaa weee ndo ifunguke. Nikifungua Chrome na Excel kwa pamoja inaganda kabisa, mausi inatembea ila ukibonyeza haiitikii. Siku hizi kuna na kasauti ndani, tik tik tik halafu kimya, halafu tena tik tik.

Fundi mmoja hapa mtaani kaniambia RAM ndogo niongeze iwe 8, mwingine kasema ni virusi apige Windows upya, mwingine anasema mashine imezeeka niiuze nichukue laptopu. Kila mtu na lake. Nimejipanga na kama laki na nusu hivi na mwezi huu ndo tunasahihisha, naombeni mniambie nianze na kipi hela isiende bure. Asanteni.

---

dogo_wa_bando alijibu:

Dada pole, hiyo ni uchafu umejaa tu. Bonyeza Windows na R, andika %temp% futa vyote vilivyomo, weka CCleaner usafishe rejistri (ile orodha ya mipangilio ya Windows), tafuta na programu ya kuapdeti madraiva, ukimaliza fanya defragi (kupanga upya mafaili kwenye diski) usiku kucha asubuhi utaikuta nyepesi. Ikigoma ndo upige Windows upya, mbona hata hela haihitaji hiyo.

---

Fundi wa Gerezani alijibu:

Mwalimu naomba kabla hujafanya hayo ya hapo juu tusubiri kidogo, hasa hiyo defragi, usiiguse kwanza. Hiyo tik tik uliyoitaja mwishoni ndo imenishtua kuliko yote uliyoandika.

Tuanze kuangalia mashine yenyewe inasema nini maana kila fundi hapo kakisia bila kupima. Iwashe, iache ikae kama robo saa bila kugusa kitu, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja itafunguka Task Manager. Ikija ndogo bonyeza More details chini, nenda Performance. Pale kushoto utaona CPU (prosesa), Memory (ndo RAM, sehemu ya muda ya vitu ulivyofungua) na Disk. Niandikie asilimia za vyote vitatu, na ukibonyeza Disk kwa chini kuna namba ya Average response time, hiyo ndo naitaka zaidi. Hiyo ni muda ambao diski inachukua kujibu kila ikiombwa kitu. Diski ya kuzunguka iliyo nzima inajibu kwa milisekunde 10 au 20 hivi, ikibanwa na kazi inapanda kidogo. SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, mara nyingi haifiki hata 1.

Na nieleze kwa nini nakazania diski. Hadi diski nyingi za dekstopu zinazunguka mara 7200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na kile kichwa cha kusomea lazima kisogee mpaka kwenye mstari husika halafu kisubiri data izunguke ikifikie. Kwa hiyo kwa vitu vilivyotawanyika huku na huku haiwezi kusoma vingi, ni kama mia hivi kwa sekunde basi. Sasa Windows ikiwaka inasoma mafaili madogo madogo maelfu kwa maelfu. SSD haina kinachozunguka, hivyo vitu vidogo inasoma makumi elfu kwa sekunde. Ndo maana mtu anaweka SSD kwenye mashine ya zamani anahisi kanunua nyingine, na prosesa ni ile ile.

Hiyo i5-3470 yako ni ya mwaka 2012 lakini ina core nne za kweli kwenye 3.2GHz, kwa Excel, Word, mtandao na YouTube ya watoto bado ina nguvu, kwa hiyo huyo anayekwambia uuze simuungi mkono.

dogo, nakuelewa nia yako ni njema mdogo wangu, ila kufuta temp kunasaidia pale ambapo C imejaa inakaribia kupasuka, kama ina nafasi hutoona tofauti. Rejistri kusafisha hakuongezi spidi, na hizo programu za kuapdeti madraiva nyingi zinakuja na matakataka yake zinakaa kwenye startup zinaongeza uzito mwingine. Madraiva ya Dell yanapatikana kwenye tovuti ya Dell wenyewe, unaingiza ile service tag iliyo nyuma ya kasha.

---

Mwalimu Mama Wawili alijibu:

Asante sana fundi, nimefanya kama ulivyosema. CPU inacheza 6 mpaka 15%. Memory 71%. Disk imekaa 100% haishuki, na hapo sijafungua kitu chochote. Hiyo Average response time inapanda inashuka, nimeona 900 ms, nikaona 2400 ms, na hapo speed inasoma kama 1 MB kwa sekunde wakati mwingine chini ya hapo. Ni mbaya?

---

Fundi wa Gerezani alijibu:

Ni mbaya mwalimu. Diski inatumia sekunde mbili na zaidi kujibu ombi moja huku inasoma MB 1 tu, hapo haijazidiwa na kazi, hiyo inahangaika kusoma sehemu zilizokufa, inarudia inarudia. Na ndo hiyo tik tik unayoisikia, kichwa kinarudi kujaribu tena.

Kwa hiyo habari ya spidi iweke pembeni leo, kazi ya kwanza ni PICHA na mafaili ya matokeo. Usifanye defragi, usiendeshe chkdsk (ile ya Windows ya kukagua diski), na usimwite mtu apige Windows juu ya diski hiyo hiyo maana vyote hivyo vinailazimisha diski kupita kila kona na inaweza kulala hapo hapo. Tafuta diski ya nje au flashi kubwa, hata kuazima, anza na ambavyo hutaweza kuvipata tena, picha za watoto kwanza, folda ndogo ndogo, usibebe folda lote la Pictures kwa mpigo. Faili likigoma liruke uendelee na mengine utalirudia mwisho. Ukiona imeacha kabisa kujibu zima, iache ipumzike, uendelee baadae. Muziki na movi wala usizipe muda, hizo zinapatikana.

Ukishamaliza kutoa ndo uweke programu ndogo ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, angalia mistari ya 05, C5 na C6. 05 ni sehemu mbovu ambazo diski imeshazihamisha, C5 ni zinazosubiri kuhukumiwa, C6 zimeshindikana. Na uangalie C7 pia. Kama 05, C5 na C6 zote ni sifuri ila C7 ina namba kubwa na inazidi kuongezeka, basi inaweza kuwa ni waya wa SATA (unaounganisha diski na bodi) tu umelegea au umechoka, huo ni wa bei ndogo sana. Ila kwa sauti uliyoieleza sitegemei iwe waya.

---

Chaka la Likoni alijibu:

Mwalimu pole sana, fundi amekwambia ukweli. Mimi huku Mombasa nauza hizi refurb na kuzikarabati, 7010 zimepita mikononi mwangu nyingi sana, wacha niongeze kuhusu kununua maana huko dukani ndiko watu huliwa pesa.

SSD chukua ya SATA ya inchi 2.5, ile ya bapa kama kitabu kidogo. Usikubali kuuziwa ile ya kijiti cha M.2 eti ni ya kasi zaidi, ni kweli ina kasi ila hiyo bodi yako haina tundu lake, utarudi nayo nyumbani na uanze kubishana na muuzaji. Ya 240 au 256GB yatosha kwa Windows na kazi zenu, picha zikae kwa diski ya nje. Na ujihadhari na SSD za bei ya kutupa zenye maandishi makubwa 2TB, nyingi ndani mna memori kadi imebandikwa gundi. Flashi vivyo hivyo, kabla hujaiamini na picha za watoto ipime na H2testw, inaandika mpaka mwisho kisha inasoma tena, kama ni feki utaiona hapo hapo.

RAM yako ni DDR3 ya desktop, sio ile fupi ya laptop na sio DDR4, DDR4 mkato wake uko mahali pengine haiingii hata ukisukuma. Kitu cha kuangalia sana ni RAM za server. Kuna DDR3 za server zilizotolewa kwa mashine kubwa, zinauzwa bei rahisi, kwa macho zinafanana kabisa na zako na zinaingia vizuri kwa tundu, lakini zile zilizoandikwa Registered au zenye herufi R baada ya PC3-12800 kwa stika, mashine yako haitawaka nazo. Yako inatakiwa iandikwe PC3-12800U au PC3L-12800U, hiyo U ndiyo ya desktop. Enda na kijiti chako cha zamani ukilinganishe stika kwa stika.

Bodi ina matundu manne. Kama hiyo 4GB ni kijiti kimoja, tafuta kingine cha 4GB zifanye kazi kwa jozi. Lakini pesa ikiwa haitoshi vyote, SSD kwanza bila kufikiria, RAM mwezi ujao.

---

Binti Sayari alijibu:

Naunga mkono SSD kwanza, na niseme kidogo kwa nini fundi aliyetaja RAM hakuwa amekosea kabisa. Hapo 71% imejaa bila kufungua kitu. Ukifungua Chrome na Excel RAM inaisha, ikiisha Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski ili ipate nafasi, sasa diski yenyewe ndo hiyo inayojibu kwa sekunde mbili, lazima igande. Ukiweka SSD hata huko kuhamisha kunakuwa kwa haraka kwa hiyo hata hiyo 4GB itavumilika kwa muda.

Kingine cha kufikiria ni Windows yenyewe. Windows 10 Microsoft walisitisha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki, inaendelea kufanya kazi, ila marekebisho ya usalama ya kawaida hayaji tena isipokuwa ukijiandikisha na ule mpango wa nyongeza, uko kwenye Settings sehemu ya Windows Update, unafika mpaka tarehe 13 Oktoba 2026 na kuna njia ya bure ukiingia na akaunti ya Microsoft. Windows 11 rasmi hiyo mashine haipokei, inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, yako ni cha tatu. Watu wanailazimisha na inaingia kweli, mimi kwa mashine yenye kazi za shule siishauri maana Microsoft wenyewe hawakuhakikishii kwamba masasisho yataendelea kuja.

Mimi nyumbani nimeweka Linux Mint ya Xfce (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows) kwenye mashine ya umri huo huo na ni laini kama siagi, inataka RAM kuanzia 2GB na wanapendekeza 4, na matoleo ya 22 yanahudumiwa mpaka 2029. Uzuri unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuiweka kwenye mashine, na hiyo itakusaidia hata sasa hivi, kama Windows inakwama wakati unatoa picha, washa kwa flashi ya Mint, fungua diski kutoka humo na unakili. Windows isipowaka kutoka kwenye ile diski mbovu diski inapata ahueni kubwa.

---

Fundi wa Gerezani alijibu:

Hilo la kutoa picha kwa flashi ya Mint ni zuri sana, hata mimi dukani ndo njia yangu. Kwa kazi za kila siku ila, Binti Sayari, mwalimu ana Excel za matokeo, na hizi za shule nyingi zinakuja na makro, unabonyeza kitufe inapanga nafasi na kutoa ripoti za kila mwanafunzi. LibreOffice, ile programu ya bure ya kazi kama za Office, inafungua Excel ya kawaida vizuri tu, ila makro nyingi zinakufa. Mwalimu kabla ya kufikiria kuhama jaribu kwanza faili lako moja la matokeo lenye vitufe kwenye LibreOffice, inawekwa hata kwenye Windows bure. Likifanya kazi lote, Mint ni chaguo zuri. Lisipofanya kazi baki Windows 10 na ujiandikishe huo mpango wa nyongeza.

---

Mwalimu Mama Wawili alijibu:

Jamani asanteni mno. Nimeazima diski ya nje kwa shemeji, mtoto wa jirani kanitengenezea flashi ya Mint, picha zimetoka zote isipokuwa folda moja la harusi ya mdogo wangu limetoa nusu, nyingine zinafunguka zimekatika kijivu kwa chini. Mafaili ya matokeo yote yametoka na nimeyafungua moja moja kuhakikisha. CrystalDiskInfo imeandika Caution kwa njano, 05 na C5 zote zina namba, C7 ni sifuri. Lile faili la matokeo nalo nimelijaribu kwenye LibreOffice, vitufe havifanyi kitu kwa hiyo nabaki na Windows.

SSD ya 256 nimepata ya inchi 2.5 kama alivyosema kaka wa Likoni. Sasa fundi wa hapa anasema ata-clone diski ya zamani ihamie kama ilivyo ili nisipoteze programu. Nimkubalie? Na je nikipiga upya Windows si itadai namba za kununua?

---

Fundi wa Gerezani alijibu:

Usikubali clone mwalimu. Clone ni nzuri diski ikiwa nzima, hii ina sehemu haisomeki, ama itakwama katikati ama itahamisha Windows yenye mafaili yaliyokatika kama hizo picha, halafu baada ya muda unaanza kuona makosa ya ajabu ajabu huelewi yametoka wapi. Piga upya.

Kuhusu leseni, kama Windows iliyomo ni halali, Microsoft inaikumbuka bodi yako, sio diski. Wakati wa kuweka ikikuuliza namba chagua kwamba huna, halafu chagua toleo lile lile ulilokuwa nalo, kama ni Pro iwe Pro, Home iwe Home. Ukiunganisha intaneti itajihakiki yenyewe. Angalia kabisa sasa hivi kwenye Settings, Update & Security, Activation, uone kama imeandikwa digital license. Office ni habari tofauti, hiyo utahitaji leseni au akaunti yake, na naomba sana usiruhusu mtu akuwekee ya kukraki (ya wizi, iliyovunjwa ulinzi). Vile vikraki vinakwambia uzime Defender (antivirusi ya Windows) kwanza, na ndo mlango wenyewe huo, kuna mashine naletewa ni mpya kabisa lakini feni inalia muda wote kwa sababu kuna kitu humo ndani kinachimba sarafu za kidijitali za mtu mwingine.

Sasa utaratibu. Tengeneza flashi ya Windows kwa Media Creation Tool ya Microsoft, flashi iwe 8GB na kuendelea, inapakua GB kadhaa kwa hiyo tafuta sehemu yenye mtandao wa bei nafuu. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua kasha. Hadi diski ichomoe KABISA, usiiache humo wakati unaweka Windows, maana kisakinishi kikiiona kinaweza kuweka sehemu ya kuwashia kwenye ile ya zamani, siku ukiitoa mashine haiwaki unashangaa. Waya zile zile mbili za diski ya zamani, wa data mwembamba na wa umeme mpana, ndo unachomeka kwenye SSD. SSD ni ndogo kuliko kitako cha diski ya zamani, kuna vibano vyake vinauzwa, ukikosa ibandike na gundi ya karatasi ya pande mbili haina shida, haina kinachozunguka ndani wala haitikisiki.

Washa, bonyeza F2 uingie BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe), nenda System Configuration, SATA Operation iweke AHCI (namna ya bodi kuongea na diski), Apply. Hiyo ifanye kabla ya kuweka Windows sio baadae. Washa tena na F12, chagua flashi iliyoandikwa UEFI. Baada ya hapo ni kufuata maelekezo.

Ikishakaa sawa nenda Task Manager kwenye Startup uzime vinavyojiwasha bila sababu, antivirusi ile ya Windows inatosha usiongeze ya pili juu yake. Na SSD haifanyiwi defragi, Windows inajua yenyewe namna ya kuihudumia.

---

Chaka la Likoni alijibu:

Kasha likiwa wazi hapo mwalimu usilifunge haraka. Angalia feni ya prosesa na yale mapezi ya alumini chini yake, kwa mashine ya umri huo utakuta vumbi limeshikana kama blanketi. Toa kwa brashi laini ya rangi, shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Prosesa ikipata joto sana hujipunguza mwendo yenyewe isiungue, na hapo uzito unarudi hata ukiwa na SSD. Kama kuna mtu anayejua, abadilishe na ile pesti ya kupitisha joto, ya miaka kumi huwa imekauka kama chokaa.

Na betri ya saa, ile ya duara CR2032, badilisha tu maana ipo hapo karibu. Ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka, na mipangilio ya BIOS nayo yaweza kurudi ya mwanzo pamoja na hiyo AHCI. Kwa hivyo weka betri kwanza, ndiyo uingie F2. Mitandao nayo hukataa kufunguka ikisema si salama kwa sababu tu saa ya mashine haiko sawa, watu hudhani ni virusi.

---

Mwalimu Mama Wawili alijibu:

Nimewaelewa. Jumamosi shemeji anakuja na bisibisi tunaifanya wenyewe. Hiyo diski ya zamani je, naweza kuiacha ndani iwe ya kutunzia movi za watoto?

---

Fundi wa Gerezani alijibu:

Hapana, itoe. Diski yenye C5 inayoendelea ikiwa imechomekwa tu inaweza kuifanya mashine nzima isubiri, kila Windows ikiiuliza kitu inaganda kama mwanzo, SSD yako haitakuwa na msaada. Ila usiitupe bado, iweke kabatini kwenye mfuko mkavu kwa ajili ya lile folda la harusi. Usiendelee kuijaribu nyumbani, kila ukiiwasha inazidi kuchakaa. Mtafute mtu mwenye ddrescue kwenye Linux, ile inachukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi ndo inarudi kwenye ngumu pole pole, mara nyingi inaokoa zaidi ya kunakili kwa mkono. Ukipita Dar niletee niiangalie. Na hizo picha zilizotoka, kabla diski ya shemeji hujairudisha, hakikisha ziko sehemu mbili tofauti.